Nilivyojifunza kusafisha nyumba yenye mbwa na paka bila kuwaumiza

Nianze na usiku ule wa Pamba maana ndo uliobadilisha kila kitu ndani ya nyumba yetu, namna ninavyopiga deki, sabuni ninazonunua, hadi mahali ninapoweka vidonge vyangu vya kichwa. Pamba ni paka wetu dume, mweupe, tulimpata bado anaenea kiganjani. Doa ndo alitangulia, mbwa mkubwa mpole mwenye mabaka ya kahawia, na toka siku ya kwanza walipatana wenyewe bila shida.

Mi napenda nyumba safi toka utotoni, sipendi kabisa mgeni afungue mlango akutane na harufu ya mnyama. Sasa siku moja mwanangu anatoka sebuleni amevaa soksi nyeupe, naona vitu vyeusi vinarukaruka pale kifundoni, kuinama niangalie vizuri ni viroboto. Niliumia roho kweli. Jioni ileile nikachukua dawa ya matone ya Doa, zile unazomdondoshea mbwa katikati ya mabega, nikampaka, kikabaki kidogo kwenye kichupa, nikaona nisiitupe, nimalizie kwa Pamba, maana yeye ni mdogo na kidogo kitamtosha. Kwenye boksi palikua na picha ya paka imepigwa mstari mwekundu, sikuiangalia hata.

Kama saa sita usiku nikasikia kitu kinagongagonga mlango wa kabati jikoni. Nilipowasha taa nikamkuta Pamba amelala ubavu, miguu ya nyuma ndo inapiga kabati, masikio yanacheza yenyewe, mate yanamtoka, mboni za macho zimetanuka hadi jicho zima jeusi. Nikamnyanyua, mwili wote unatetema mikononi mwangu kama simu iliyo kwenye vaibresheni. Mume wangu akampigia daktari wa mifugo na swali lake la kwanza lilikua hilohilo, leo mmempaka dawa yoyote? Nikamwambia nimempaka ya mbwa. Akasema, "Mama, mwosheni sasa hivi pale mlipompaka, maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto wala ya baridi, tumieni sabuni ya vyombo maana ile dawa ni ya mafuta, mkaushe, mfungeni na taulo alafu mje haraka." Tukamwosha huku anatetemeka, povu linateleza kwenye manyoya, mi nalia, mume wangu ananiambia shika kichwa kisizame, tukatoka hivohivo.

Alikaa huko siku mbili na nusu, kawekewa dripu na dawa za kutuliza misuli, wanamlinda asipoe. Akapona. Wengine hawaponi, ndo maana nasimulia bila kuficha chochote.

Daktari alinieleza kitu ambacho natamani kila mwenye paka akijue. Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina kitu kinaitwa permethrini. Mbwa ini lake linaivunjavunja vizuri tu na kuitoa mwilini, ila ini la paka halina uwezo huo, kwahiyo sumu inabaki kwenye damu na kushambulia mishipa ya fahamu, ndo unaona ile mitetemeko na degedege. Na si lazima umpake yeye, hata akilala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda si mrefu, au akimlamba shingo kama wanavyofanyaga, inatosha. Sasa hivi Doa nampa dawa isiyo na permethrini kabisa, nilimwomba daktari anichagulie ambayo nyumba yenye paka inaivumilia, na ya Pamba ni yake peke yake, imeandikwa paka, kwa uzito wake. Napima uzito kwanza. Nasimama kwenye mzani mwenyewe, alafu nasimama nimembeba, natoa.

Hilo la ini ndo limekua ufunguo wangu wa mambo mengine yote, maana nilirudi nyumbani nikaanza kujiuliza ni vitu gani vingine nimeviweka humu ndani ambavyo ini la Pamba haliviwezi. Nikafungua kabati la chini ya sinki. Nilikua na ile dawa ya kuua vijidudu ambayo ukiimimina kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa, ndo nilikua naiamini kuliko zote, napiga nayo deki asubuhi na jioni, na nilikua naipenda ile harufu kali maana kwangu ndo ilikua harufu ya usafi. Dawa nyingi za aina hiyo zina vitu vya jamii ya fenoli na paka haziwezi, ni ileile hadithi ya ini. Na paka haogi, anajilamba. Yaani kila alichokikanyaga kinaishia mdomoni. Nikakumbuka kuna kipindi Pamba alikua na vidonda kwenye ulimi, hataki kula, anakaribia bakuli anarudi nyuma, nikadhani ni mafua. Siwezi kuapa kwamba ilikua dawa ya deki, ila dalili ndo zilezile daktari alizonitajia.

Sasa hivi deki napiga na maji ya moto na sabuni ya kawaida kidogo, basi. Uchafu mwingi wa nyumbani unatoka na sabuni na kusugua, hauhitaji sumu. Pale penye haja ya kuua vijidudu kweli, mfano mbwa ametapika au ameharisha ndani, natoa uchafu wote kwanza, naosha na sabuni, nasuuza, ndo naweka klorini niliyoizimua na maji, nawafungia wanyama chumba kingine, nafungua madirisha, naiacha kama dakika kumi, nasuuza tena na kusubiri pakauke kabisa kabla hawajarudi. Hiyo ya kuosha kwanza ni muhimu mno, klorini ukiimwaga juu ya uchafu inamalizikia kwenye uchafu, vijidudu vinabaki.

Na usiimwage juu ya mkojo, tafadhali. Nilifanya hivo mara moja kwenye kona ambayo Pamba alikojoa, mkojo ukishakaa unatengeneza amonia, na amonia ikikutana na klorini unatoka hewa ya kuchoma macho na kubana kifua, nilitoka mbio nakohoa na mwanangu alikua mlango wa pili. Vivyo hivyo usichanganye klorini na siki au dawa ya choo yenye asidi, ni hatari kwa binadamu na kwa mnyama aliye chini sakafuni ndo mbaya zaidi.

Sasa turudi kwa viroboto maana hawakuisha. Wiki mbili baada ya Pamba kurudi nyumbani wakatokea tena na nilikata tamaa kabisa, nikawaza dawa ni feki. Kumbe mi nilikua napigana na wale ninaowaona tu. Kiroboto jike akishanyonya damu anataga mayai hata arobaini, hamsini kwa siku, na mayai hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka pale mnyama anapolala, kwenye zulia, katikati ya mito ya kochi, kwenye nyufa za sakafu. Yanakua vibuu vidogo vinavyokimbia mwanga, vinaenda chini kabisa ya nyuzi za zulia, vinakula uchafu uliodondoka humo, alafu vinajifungia kwenye kifuko cha utando unaonata na vumbi. Humo ndani dawa haipenyi, na wanaweza kukaa miezi wakisubiri wahisi joto na mtikisiko wa mtu au mnyama kupita. Ndo maana watu wanarudi safari nyumba ilikua tupu mwezi mzima, wanafungua mlango tu wanavamiwa.

Kilichotusaidia ni uvumilivu, hakuna dawa ya miujiza. Matandiko ya wanyama wote kila wiki maji ya nyuzi 60, mashine ya kufyonza vumbi kila siku mwanzoni, baadaye siku moja moja, unapitisha taratibu chini ya makochi na pembeni mwa kuta, na ule mtikisiko wa mashine unawaamsha walioko kwenye vifuko wakatoka, ambacho ndo unachotaka maana wakitoka wanamrukia mnyama mwenye dawa wanakufa. Kile kifuko cha mashine unakimwaga nje palepale. Kama huna mashine, kukunja zulia ukalianika na kulipiga nje kisha kufagia na kupiga deki nyufa vizuri inasaidia sana. Alafu wanyama wote wa nyumba wapewe dawa, kila mwezi, si yule anayejikuna tu, kwa miezi mitatu bila kuruka hata kama huoni kitu. Sisi mwezi wa pili tulitaka kuacha, mume wangu akasema tumalize, na kweli kuna mmoja alionekana mwisho wa mwezi ule.

Kuna kipimo kidogo nilifundishwa nakifanya kila jumapili hadi leo. Nachukua kichanuo cha meno membamba, nampitisha Doa mgongoni karibu na mkia, nakigongagonga juu ya tishu nyeupe iliyolowa. Zikidondoka chembe nyeusi nasubiri. Kama ni vumbi linabaki jeusi, ila kama ni kinyesi cha kiroboto kinaanza kutawanyika pembeni rangi ya kutu, nyekundunyekundu, maana ni damu iliyosagwa. Mara ya kwanza tishu ilikua kama imemwagiwa chai, sikuamini kwamba mbwa niliyekua namwogesha kila wiki alikua na hali hiyo.

Ndio, kila wiki, na hilo nalo lilikua kosa, nilikua natumia shampuu yetu wenyewe na ngozi yake ikakauka, ikawa inatoa magamba na anajikuna usiku kucha. Ngozi ya mbwa siyo kama yetu. Sasa anaoga kama mara moja kwa mwezi au akijipaka tope, kwa shampuu ya mbwa, na namchana mara nyingi zaidi. Anang'aa kuliko zamani na harufu imepungua.

Na ukiona vitu kama punje za mchele karibu na mkia au kwenye mahali mnyama analala, hivyo ni vipande vya tegu, mnyoo wa tumboni, wanyama wanampata kwa kummeza kiroboto wakati wanajing'ata, kwahiyo dawa ya minyoo bila kumaliza viroboto ni kazi bure.

Kilichonisumbua baada ya hapo ni Pamba kukojoa nje ya trei yake, ile ya mchanga ambayo ndo choo chake. Kwenye mkeka wa bafuni, kwenye nguo zilizorundikwa, mara moja kwenye begi la mume wangu. Nilikasirika, nikawa namfokea, nikimwona tu namwonyesha pale alipokojoa, na yeye akaanza kujificha chini ya kitanda nikiingia chumbani. Hiyo picha ya macho yake mawili gizani chini ya kitanda ananiangalia bado naikumbuka. Daktari akasema kwanza tuhakikishe si ugonjwa, maana paka dume mrija wake wa mkojo ni mwembamba na unaweza kuziba, ukimwona anachuchumaa mara kwa mara, anajikamua, analia na mkojo hautoki au yanatoka matone, usisubiri kesho, ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Ya Pamba haikua hiyo namshukuru Mungu. Akaniuliza trei iko wapi? Nikasema iko pembeni ya mashine ya kufulia, nimeifunika na kifuniko ili isinuke. Unatoa uchafu mara ngapi? Kila baada ya siku tatu.

Ukijiweka kwenye nafasi ya paka utaelewa. Pua yake ni kali kuliko yangu mara nyingi, nimemfungia harufu ndani ya boksi, pembeni mwa dude linaloanza kunguruma ghafla akiwa katikati ya haja. Tukahamisha trei kwenye kona tulivu, tukatoa kifuniko, tukaweka ya pili upande mwingine wa nyumba maana kanuni ni idadi ya paka ongeza moja, mchanga usio na manukato, na natoa uchafu asubuhi na jioni kwa kile kijiko cha matundu. Pale alipokwisha kukojoa nikatumia dawa ya vimeng'enya, hizi zinamalizia ile asidi ya mkojo ambayo sabuni haiigusi, maana sisi tukidhani harufu imeisha yeye bado anaisikia na anaona hapo ndo chooni. Wiki ya pili akaacha kabisa. Na nyumba ikaacha kunuka, bila kupulizia chochote.

Kufoka hakukusaidia kitu. Hata Doa alipokua mdogo nilikua namsukuma pua kwenye mkojo wake kama nilivyoona wengine wakifanya, nikamfundisha kitu kimoja tu, kuniogopa, akawa anaenda kukojoa nyuma ya kochi nisimwone. Alijifunza nilipoanza kumtoa nje kila akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, akikojoa nje nampongeza palepale. Na kutafuna viatu kuliisha tulipoongeza matembezi, saa nzima kwa siku imegawanywa asubuhi na jioni, namwacha anuse anavyotaka. Mbwa aliyechoka vizuri analala, hana muda na kochi lako.

Alafu mdogo wangu akapata ujauzito na akaja kukaa na sisi. Siku ya kwanza tu akaniambia, "Dada, wananiambia paka anaharibu mimba, ntakaaje humu?" Nilimwelewa na sikumdharau, hofu yake ina msingi. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplazma ambacho paka anaweza kukitoa kwenye kinyesi na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ila tulimwuliza daktari wake wa kliniki, na nilichokielewa ni kwamba kile kinyesi kikitoka hakiambukizi palepale, kinahitaji siku moja hadi tano, kwahiyo trei ikisafishwa kila siku na mtu asiye mjamzito hatari inapungua sana. Na paka anakipata akila nyama mbichi au panya, Pamba yuko ndani na anakula chakula kilichopikwa tu. Watu wengi wanaambukizwa na nyama isiyoiva vizuri au mboga zisizooshwa zenye udongo kuliko paka wa nyumbani. Kwahiyo trei ikawa yangu peke yangu, yeye hakuigusa miezi yote, bustani alivaa glavu, mboga tuliosha kweli kweli, nyama iliiva. Akapimwa kama alivyoshauriwa. Pamba hakutupwa. Mwezi wa mwisho alikua analala kwenye miguu yake iliyovimba na mdogo wangu alikua hataki aondolewe.

Kabla mtoto hajaja nilipita nyumba nzima kwa magoti, nataka kuona wanavyoona wao walio chini. Nikakuta sindano yenye uzi chini ya kochi, paka anapenda uzi na ukimwona umemning'inia mdomoni au nyuma usivute hata kidogo, unaweza kukata utumbo, mpeleke kwa daktari. Nikakuta kidonge cha parasetamoli kimedondoka nyuma ya meza ya kitanda, kimoja kama hicho kinaweza kumuua paka, na zile za maumivu tunazojinywea wenyewe zinaharibu tumbo na figo za mbwa. Maua ya lili (wengine wanayaita yungiyungi) niliyoletewa zawadi nikayatoa nje, paka akilamba hata ile unga ya ua figo zinaweza kufa. Chokoleti, zabibu, vitunguu, bigijii zisizo na sukari zenye xylitol, vyote vikapanda kabati la juu lenye komeo maana Doa anajua kufungua la chini. Sumu ya panya sitaki kabisa nyumbani, hata wakila panya aliyekufa nayo wanaweza kutoka damu kwa ndani siku kadhaa baadaye wakati we ushasahau. Na chanjo, kadi zao zimebandikwa mlangoni mwa friji, ya kichaa cha mbwa hairukwi, na kila mtu wa humu ndani anajua mnyama yeyote asiyejulikana akikung'ata unaosha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 alafu hospitali, siku hiyohiyo.

Mtoto ana miezi saba sasa. Hatumwachi peke yake na Doa wala Pamba hata dakika moja, si kwa sababu siwaamini, ila mtoto anavuta masikio na mnyama hawezi kusema inatosha. Tumewaachia kila mmoja pake pa kukimbilia, Pamba ana rafu juu ya kabati na Doa ana kona yake nyuma ya kizuizi cha mlango. Juzi ameanza kutambaa, nageuka nikamkuta anaelekea bakuli la maji la Doa, mkono mmoja ushaingia, Doa amekaa pembeni anamtazama tu mkia unapiga sakafu. Nikamfuta mkono, nikalihamishia bakuli upande wa pili wa kizuizi. Doa alizunguka nyumba mara moja, akalikuta, akanywa.